Jagi limeota mawe, hita imekufa ndani ya miezi kumi: ni maji ya Dodoma au nimeuziwa feki?

Swali nimelifupisha kidogo: "Kaka fundi habari za kazi. Nimekaa Mwanza miaka tisa, mwaka jana nikahamishiwa Dodoma kikazi. Tangu nifike huku jagi la umeme limejaa kitu cheupe kama chokaa, chai inakaa utando juu, sabuni haitoi povu, shawa ya moto inarusha maji pembeni, na hita ya tanki niliyofunga mpya imekufa haijamaliza hata miezi kumi. Fundi wa kwanza kasema nimeuziwa feki. Wa pili kasema ninunue mtambo wa kulainisha maji ya nyumba nzima, aliponitajia bei nikakaa chini. Na je, haya maji hayatuletei mawe kwenye figo? Nina watoto wawili."

Dada yangu pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela. Nianze na jibu lenyewe afu maelezo yafuate: vifaa vyako karibu nina hakika sio feki, ni maji. Na ule mtambo usinunue, angalau sio sasa hivi. Maji magumu, yani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, hayaharibu kila yanapopita, yanasumbua sehemu mbili tu, pale yanapopashwa moto na pale yanapokaukia, basi, kwahiyo badala ya kulainisha mpaka maji ya kuflashi choo na kumwagilia mchicha tunayafuata palepale yanapochemkia. Kwenye nyumba ya kawaida sehemu hizo hazizidi tano.

Kule Mwanza ulikuwa unatumia maji ya Ziwa Victoria, na lile ziwa sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, haijapita kwenye mwamba wowote, kwahiyo maji ni laini, ndo maana povu la sabuni ulikuwa unalisuuza mpaka unachoka. Dodoma tegemeo kubwa la mji kwa miaka mingi ni visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Hayo ni maji yaliyokaa chini ya ardhi muda mrefu. Mvua ikizama inabeba kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye udongo, inapata ukali kidogo kama wa soda, na huo ukali unayeyusha kalsiamu na magnesiamu kwenye mawe na udongo inakopita. Sasa Dodoma mvua yenyewe kwa mwaka ni milimita 600 hivi au pungufu, jua ndo usiseme, maji mengi yanarudi hewani kabla hayajazama na madini yanabaki, kwahiyo kile kidogo kinachofika chini kinafika kimebeba mzigo. Ndugu zetu wa Unguja na Mombasa wanaotumia visima wana kisa kama chako, ila kwao mwamba ni matumbawe, yaleyale mawe yanayochomwa kwenye tanuu kupata chokaa ya kupaka ukutani.

Na kitu kilichopo kwenye jagi lako ndo hichohicho, ni jiwe la chokaa. Sio uchafu wa bomba na wala sio klorini, watu wengi sana wanailaumu klorini. Ukitaka kuhakikisha, chukua jagi likiwa kavu, kamulia matone mawili ya ndimu juu ya ule weupe uinamishe sikio. Utasikia linachachatika na utaona vipovu vidogo vinapanda, hiyo ni kaboni dayoksaidi ileile iliyoingia kule ardhini inatoka sasa.

Kinachotokea ukichemsha ni hivi. Kalsiamu kwenye maji ya baridi imeyeyuka kabisa huioni, imeshikiliwa na ile kaboni dayoksaidi. Ukipasha moto hewa inatoka, kalsiamu inakosa wa kuishika, inageuka jiwe palepale. Na inapenda kugandia kwenye kitu chenye moto kuliko vyote, yani elementi. Chumvi ya kupikia au sukari ukipasha maji moto inazidi kuyeyuka, hili jiwe lenyewe linafanya kinyume, maji yakizidi moto ndo linazidi kuganda. Ukilishika hilo moja mengine yote humu ndani utayaelewa.

Tupige hesabu kidogo. Wataalamu wanapima ugumu kwa miligramu kwa lita, chini ya 60 ni maji laini, 60 mpaka 120 ya kati, 120 mpaka 180 magumu, zaidi ya 180 magumu sana. Tuseme maji yako ni 300, huo ni mfano tu, sijayapima. Maana yake kila lita ina gramu 0.3 za jiwe zilizojificha. Jagi la lita 1.7 ukilichemsha mara nne kwa siku ni karibu lita 7, gramu 2 hivi za jiwe, kwa mwezi gramu 60. Hata ikiganda nusu yake tu, mwisho wa mwezi una gramu 30 za jiwe zimelala kwenye jagi moja. Kwahiyo ukiniambia jagi jipya limekuwa jeupe ndani ya wiki mbili mi sishangai hata kidogo, ningeshangaa lisipokuwa.

Sasa kwanini elementi inakufa. Lile jiwe linapitisha joto vibaya mno, shaba inapitisha joto mara mamia zaidi yake. Elementi inatoa joto lakini joto linakwama chini ya blanketi la jiwe, maji yanabaki vuguvugu huku elementi yenyewe ndani inazidi kuwa nyekundu, mpaka siku ganda lake linapasuka au waya wa ndani unakatika. Ndo hicho kilichoiua hita yako. Na ndo maana pia jagi lenye ukoko mzito linajizima kabla maji hayajachemka, kile kizimio cha chini kinahisi moto kupita kiasi kinadhani jagi halina maji.

Hapa niseme kitu ambacho mafundi wenzangu hawatakipenda. Utasikia ukoko "unakula umeme" nusu kwa nusu. Kwa elementi iliyozama ndani ya maji sio kweli kihivyo, umeme ulioingia wote unaishia kuwa joto na hilo joto halina pa kwenda zaidi ya kwenye maji, linachelewa tu. Hasara yako ni elementi, sio Luku. Wanaopoteza kweli ni wanaopasha kwa nje, sufuria juu ya gesi au mkaa, pale joto likikataliwa na ukoko linapanda pembeni mwa sufuria linaenda zake. Kwahiyo sufuria ya maji ya kunywa yenye tabaka jeupe chini ikwangue, hiyo inakula gesi yako kweli.

Kabla hatujaenda kwenye vifaa, hakikisha kwanza ugonjwa ni upi, maana huku bara tunachanganya mambo matatu tunayaita yote "maji chumvi". Maji magumu ni kalsiamu na magnesiamu. Maji ya chumvi ni sodiamu na kloraidi, unaionja ulimini. Na kuna maji yenye floraidi, yale ya Arusha na sehemu za Manyara na Singida yanayofanya meno kuwa kahawia, hayo huyaoni wala huyaonji, na kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha tu maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Maji ya kisima kimoja yanaweza kuwa na yote matatu. Kipimo cha nyumbani cha ugumu ni chupa mbili za plastiki zilizo sawa, moja tia maji yako nyingine maji ya mvua, kila moja kikombe kimoja, kata vipande vinavyolingana vya sabuni ya mche (sio ya unga, ya unga imetengenezewa ujanja wa kukwepa ugumu), tikisa kwa kuhesabu mpaka thelathini. Ya mvua itajaa povu. Yako ikiwa magumu itatoa povu kiduchu na maji yatakuwa kama ya mchele na vibonge vyeupe vinaelea. Vile vibonge ni sabuni yako iliyokamatwa na kalsiamu, na ndo hivyohivyo vinavyobaki kwenye kola za mashati meupe na kwenye ukuta wa beseni. Ukitaka namba kabisa peleka chupa kwenye maabara ya maji ya Wizara, waombe wakupimie ugumu, kloraidi, floraidi na upitishaji umeme. Ukiandika tu "naomba kupima maji" watakupimia vijidudu utarudi hapa kuniuliza tena.

Nakusumbua na chumvi kwa sababu ya shawa. Hizi shawa za moto za papohapo nyingi ndani yake waya wa kupasha uko uchi, unagusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji laini, kwahiyo unaoga huku unahisi vijisindano kwenye bomba, watu wanazoea wanasema "shawa yangu inatekenya kidogo". Hakuna kutekenya kidogo kwenye umeme na maji dada. Ziko shawa zinazouzwa maalum kwa maji ya chumvi, elementi yake imefunikwa, dukani ukisema "ya maji ya chumvi" wanakuelewa. Na hata hiyo lazima waya wa ethi ufike ardhini kweli, usiishie kwenye ukuta kama nilivyokuta kwenye nyumba moja ya kupanga, waya wa kijani umekatwa umefichwa nyuma ya tailizi, mwenye nyumba alikuwa anaamini ana ethi. Weka na breka inayokata umeme ukivuja. Ukiwa bado una wasiwasi zima swichi kabla hujashika bomba.

Ile ya kurusha maji pembeni ndo nyepesi kuliko zote, ni vitundu vya uso wa shawa vimezibwa na jiwe maana matone yanayobaki ukishaoga yanakaukia pale. Fungua ule uso ulale usiku kwenye beseni la siki au maji ya ndimu ya unga, asubuhi chokoa na kijiti cha meno. Kama haufunguki, jaza siki kwenye mfuko wa nailoni uuvishe shawa uufunge na raba, lakini umeme wake umeuzima kwenye breka, sio kwenye swichi ya ukutani tu.

Hita ya tanki ndo inataka maelezo marefu kwasababu ndo yenye hela. Kwanza joto. Nina uhakika fundi aliyekufungia aliacha kitasa kwenye mwisho, 75 au 80, wengi wanafanya hivyo ili mteja asilalamike. Jiwe linaanza kuganda kwa kasi ukivuka nyuzi 60, kwahiyo rudisha pale 60, usipitishe. Na usishuke sana chini ya hapo pia, maji vuguvugu yaliyotuama yanafuga bakteria. Ukioga utachanganya na ya baridi kama kawaida, tofauti hutaisikia.

Pili, ndani ya tanki kuna kijiti cha magnesiamu kinaitwa anodi, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki lenyewe. Kwenye maji yenye chumvi kinaisha haraka. Kikiisha na wewe hujui, zamu ya tanki inaanza, na tanki likitoboka hakuna kuziba. Mwambie fundi afungue mara moja kwa mwaka, akikuta kijiti kimekonda kimebaki waya wa katikati anaweka kingine, bei yake ni ndogo ukilinganisha na tanki.

Tatu tope la jiwe chini. Ukisikia hita inanguruma na kupasuka pasuka kama bisi kwenye sufuria, hiyo sio gesi, ni maji yaliyonaswa chini ya ukoko yanageuka mvuke yanapasua njia. Hita moja niliyoifungua ilikuwa ya lita 50, nyumba ya watu watano, miaka mitatu haijaguswa. Elementi haikutoka. Nikazungusha, nikavuta, ikakataa, ilikuwa imenenepa kuliko tundu iliyoingilia, unene wa muhogo, ikabidi niivunjevunje ukoko kwa bisibisi nikiwa nimelala chini ya tanki na vipande vinaniangukia usoni. Nilijaza ndoo ndogo ya rangi mpaka nusu kwa changarawe nyeupe. Mama mwenye nyumba akaja akachungulia akauliza hiyo kokoto mmeitoa wapi. Ukipiga hesabu sio ajabu, watu watano wakitumia lita 150 za moto kwa siku, maji ya 300 yanapitisha gramu 45 za jiwe kila siku, hata ikiganda sehemu moja tu ya kumi ni zaidi ya kilo moja na nusu kwa mwaka.

Nne, na hii usiiache: ile valvu ndogo ya usalama inayodondosha matone. Jiwe likiiziba tanki halina pa kupumulia presha ikipanda. Kila mwezi nyanyua kile kikono chake sekunde mbili tatu, maji yatoke (ya moto, simama pembeni), kishushe. Watu wanaona inadondosha wanaichomeka kizibo. Kamwe usifanye hivyo, tanki lisilopumua linalipuka.

Kabla hatujaenda kwenye kusafisha, waranti. Soma kile kikaratasi cha hita vizuri, nyingi zimeandikwa kwamba uharibifu wa ukoko na anodi kuisha haumo. Kwahiyo ukirudi dukani kusema feki mtagombana bure. Tanki lenyewe kama halivuji ni zima, kilichokufa ni elementi, inanunuliwa peke yake na gasketi yake. Usinunue hita nyingine.

Kusafisha jagi. Sokoni au duka la vikolombwezo vya juisi nunua ndimu ya unga, wenyewe wanaijua, ile wanayotia kwenye urojo na ukwaju. Vijiko viwili vya chakula, lita moja ya maji. Hapa watu wanakosea, wanachemsha kwa nguvu mpaka inarukaruka. Usichemshe, pasha mpaka yawe ya moto ya kuogea hivi afu chomoa uache saa moja, maana ndimu ya unga ikichemka na kalsiamu nyingi inatengeneza unga mwingine mweupe mgumu kutoka kuliko ule wa mwanzo. Ukoko ukiwa mnene rudia na maji mapya, usizidishe unga. Suuza mara mbili, chemsha jagi moja la kumwaga, basi. Siki nyeupe nayo inafanya kazi tena vizuri tu, nusu siki nusu maji, ila nyumba itanuka kachumbari siku nzima. Ndimu mbichi inasaidia ukoko mwembamba, kwa jagi lako la sasa utamaliza ndoo ya ndimu.

Usikwangue elementi kwa kisu. Usitie dawa ya choo, ile ni asidi kali inakula chuma chenyewe, na wala usichanganye asidi yoyote, hata siki, na jiki, inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, jikoni dirisha limefungwa hiyo ni ajali. Kwa maji yako fanya kila baada ya wiki mbili, ukoko wa wiki mbili unatoka kwa dakika ishirini, wa miezi sita unakupotezea Jumamosi.

Afu kuna ujanja ambao hauna gharama. Si maji ya kunywa ya watoto unachemsha? Chemsha kwenye sufuria kubwa jioni, yaache usiku kucha yafunikwe, asubuhi mimina ya juu taratibu uache kidole kimoja cha chini kile chenye unga mweupe. Hayo yameshashusha sehemu kubwa ya jiwe lake, ndo utie kwenye jagi. Kwa maneno mengine jiwe limegandia kwenye sufuria ya bei rahisi unayoweza kuisugua badala ya kwenye elementi. Chai nayo utaona mabadiliko, ule utando unaopasuka vipande vipande ukikoroga chai ya rangi unapungua na harufu ya majani inarudi. Ugumu mwingine hautoki kwa kuchemsha, ule ulioshikana na salfeti, ila nao hauleti ukoko mwingi kwenye jagi kwahiyo usijali.

Mvua za Dodoma zikianza, Desemba mpaka Aprili hivi, acha mvua ya kwanza ioshe bati afu kinga pipa moja tu. Hilo ni la jagi na pasi. Pasi ya mvuke ndo inalalamika kuliko vyote, vitundu vyake ni vidogo, siku utakayokuwa na haraka ndo itatema maji ya kahawia kwenye blauzi nyeupe. Mvua ikiisha kuna maji ya betri, yale yaliyochujwa madini yanayouzwa vituo vya mafuta, ila ANGALIA kibandiko: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, chupa zinafanana na zinakaa rafu moja. Asidi ya betri ni salfuriki, sio ya kuichezea kwenye pasi. Kama huna uhakika, tumia yale ya kuchemshwa yakatulia.

Mashine ya kufulia hujaitaja lakini utanunua tu, kwahiyo: hizi za mdomo juu na zile za matangi mawili nyingi hazina elementi, zinafua kwa baridi, kwahiyo habari ya ukoko haziihusu sana, we safisha tu kichujio kidogo pale bomba linapoingilia. Za mlango wa mbele ndo zina elementi. Fua kwa 30 au 40, mara moja moja tia ndimu ya unga kwenye ngoma uizungushe tupu bila nguo. Nguo kukakamaa na kufifia ni habari ya sabuni, tumia ya unga badala ya mche, na kama unafua kwa mikono tia kijiko cha soda ya kufulia kwenye ndoo kabla ya sabuni, subiri maji yawe na ukungu ukungu, ule ni ugumu unashuka. Bibi zetu walilijua hili kitambo kupitia magadi, ndo sababu maharage au makande kwenye maji ya kisima yanagoma kuiva mpaka yatiwe magadi, kalsiamu inashikiza ganda la harage na magadi yanaiondoa kalsiamu. Kwa nguo nyeupe ila magadi ya sokoni yana uchafu wake, yataacha rangi.

Kuhusu vitu utakavyouziwa. Kichujio cha mshumaa na cha mkaa vinatoa uchafu na harufu, ugumu unapita hapohapo. Dawa ya kutibu maji inaua vijidudu, ugumu haijui. Shabu inatuliza tope, ugumu haigusi. Sumaku ya kufunga kwenye bomba... nimeombwa ushauri mara nyingi na sijawahi kumshauri mtu atoe hela yake, ushahidi wake umeyumba yumba miaka yote. Vinavyofanya kazi ni viwili, mtambo wa reseni (ndo hiyo mitambo ya kulainisha maji) ambao unabadilisha kalsiamu kwa sodiamu na lazima uununulie chumvi ya kuusafishia kila mara na unamwaga maji mengi kila unapojisafisha (kwenye mji wa mgao wa maji fikiria hilo), na mashine ya kuchuja kwa presha ya kuweka chini ya sinki, ambayo inatoa karibu kila kitu pamoja na chumvi na floraidi lakini nayo inamwaga maji. Ya sinki kwa ajili ya kunywa na jagi naielewa, hasa kama maabara itakuta floraidi imezidi miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndo mwisho wa Shirika la Afya Duniani. Ya nyumba nzima iache kwa hoteli na dobi. Afu maji magumu yana wema wake, yanapaka utando mwembamba ndani ya mabomba ya chuma yanayazuia yasiliwe, maji laini sana yanakula bomba.

Figo sasa, maana najua hilo ndo lililokufanya uandike. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwasababu kwa viwango vinavyopatikana kwenye maji ya kunywa hawajaona madhara ya kukiwekea. Jiwe la jagi na jiwe la figo sio kitu kimoja, la jagi ni kalsiamu kaboneti, ya figo mengi ni kalsiamu oksaleti, yanatengenezwa na mwili wenyewe na sababu yake kubwa moja ni kutokunywa maji ya kutosha. Kwa jua la Dodoma mtoto anayekataa maji kwasababu yana ladha ndo wa kumuwazia, sio anayekunywa. Kama kuna mtu hapo nyumbani ana tatizo la figo tayari au kaambiwa apunguze chumvi, huyo muulize daktari wake kabla hujaweka mtambo wa reseni, maana ule unaongeza sodiamu kwenye maji.

Wikiendi hii anza na hita. Zima breka, funga bomba la kuingiza, toa maji yote, fundi afungue elementi mbele yako. Ikitoka na ganda jeupe nene imekufa kwa ukoko, badilisha elementi na anodi, teremsha kitasa kwenye 60, maisha yaendelee. Ila ikitoka safi haina ukoko na imetoboka au imeungua sehemu moja tu nyeusi, au ule mwanzo wa waya umeyeyuka, basi fundi wako wa kwanza alikuwa na hoja, nipigie picha ya elementi na ile lebo ya ubavuni mwa tanki unitumie kabla hujanunua chochote.